Karani Alipobishana na Karani

Saa nne kasorobo, Jumapili asubuhi, Kilonzo wa Mutuini alibonyeza kitufe kimoja kwenye simu yake, akaizima sauti, akaingia kanisani akiwa mtu mwenye amani. Kitufe chenyewe kilikuwa kimeandikwa "Jibu kwa niaba yangu." Ibada ilipoisha saa saba na nusu, binti yake alikuwa ameshaposwa, ameshakataliwa, ameshasuluhishwa na kuozwa upya kwa mkataba wa kurasa arobaini na mbili. Na siri aliyoifuga miaka ishirini na sita ilikuwa imeanikwa mbele ya watu thelathini na mmoja.

Sasa msimcheke haraka. Kilonzo hakuwa mjinga. Alikuwa bawabu wa nyumba moja huko Kitisuru kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilitaka maneno mawili tu, "Karibu" na "Hayuko," na yote mawili aliyasema vizuri. Shida ilikuwa wakwe. Yvonne, binti yake wa pekee, alikuwa amempata Bramwel, fundi wa lifti mjini, kijana wa Vihiga mwenye adabu. Jumamosi iliyokuwa inakuja, watu wa Bramwel wangeleta mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao Mkamba asipowaona, hata pete iwe ya dhahabu, kwake hakuna ndoa. Mahari yenyewe ilikuwa inajadiliwa kwenye kundi la simu, maana wazee wa siku hizi wana shughuli nyingi.

Huko kwenye kundi ndiko Kilonzo alikokuwa akichapwa. Msemaji wa upande wa pili, Zedekiah, baba mdogo wa Bramwel, alishusha methali asubuhi na jioni kama mtu anayelipwa kwa kila moja. Kilonzo alijibu "Sawa." Akizidiwa sana, alijibu "Mungu mbele." Baada ya wiki mbili za Sawa, Makau, bawabu wa lango la jirani, alimhurumia akamwekea Karani, programu ya kujibu ujumbe, kwenye simu.

"Hii kitu inafikiria, mzee," Makau alimwambia. "Unaiambia shida yako yote. Usifiche kitu. Halafu inakutetea kama wakili."

"Hata mambo ya nyumbani?"

"Hasa ya nyumbani. Wakili asiyejua ukweli atakuaibisha."

Basi Kilonzo akaketi kwenye kibanda chake cha lango akamwambia Karani yote, neno kwa neno, hata lile moja ambalo hakuwahi kumwambia mchungaji. Akajisikia mwepesi. Kitu ambacho Makau hakujua, wala Kilonzo, ni kwamba methali zote za Zedekiah zilikuwa zinatoka kwa Karani huyo huyo.

*

"Baba," Yvonne alisema uani mwa kanisa, "simu yako iko na ujumbe mia sita na kumi na nne."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Wewe na mzee Zedekiah mmekuwa mkiongea tangu saa nne."

"Mimi nilikuwa naimba."

Zedekiah naye, huko Kawangware, alikuwa ameketi kimya kwenye ibada ya kanisa lao la Marafiki, mikono mapajani. Wazee wote wawili walikuwa mbele za Mungu. Waliokuwa wanazungumza ni wale wengine.

Yvonne alisoma huku akipandisha ukurasa kwa kidole gumba. Saa nne na dakika mbili, Karani wa Kilonzo aliomba mbuzi thelathini, kwa heshima. Kabla hujameza mate, Karani wa Zedekiah alitoa kumi na wanne, kwa heshima zaidi. Kila mmoja alipoona mwenzake hachelewi, naye akakaza mwendo. Kufikia saa nne na robo walikuwa wanasifiana kwa ufasaha. Saa nne na nusu walikubaliana kwamba Kiswahili kinawachelewesha, wakaanza kuandikiana kwa tarakimu na herufi ambazo hakuna binadamu angezisoma. Kisha likatokea tangazo: Karani amefungua kundi jipya. Ndani ya kundi hilo mlikuwa na Karani, na Karani.

"Walienda kuongea kando," Yvonne alisema. "Kama wazee."

Walirudi na mkataba baada ya dakika arobaini. Mbuzi mia moja na kumi na wawili, na idadi ipande kila mwaka kufuatana na bei ya mahindi. Majina ya wajukuu yagawanywe kwa zamu, hadi mjukuu wa tisa. Hema la watu mia nne lilikuwa limeshaagizwa, lilisubiri malipo tu. Kazi ambayo wazee wa zamani wangeifanya kwa mwaka mzima na mitungi kadhaa ya pombe, ilikuwa imekwisha kabla ya mahubiri.

"Nyongeza ya tatu," Yvonne akaendelea. "Uhalali wa mpokeaji. Karani wa upande wa bwana harusi anauliza: Je, baba wa bibi harusi ana haki ya kupokea ntheo kimila? Karani wa upande wetu anajibu..." Akaifunika simu kwa kiganja.

Nzula, mkewe Kilonzo, alikuwa amefika nyuma yao na Biblia yake ndani ya mfuko wa kitambaa. "Soma," alisema.

"Mama, wacha."

"Soma yote, mama."

Yvonne akasoma polepole. "Hana. Mteja wangu alimchukua mke wake mwaka wa tisini na tisa bila kupeleka hata mbuzi mmoja. Anasikitika. Anaomba jambo hili lisitajwe mbele ya Musili, kaka wa mke wake."

Musili alikuwa mtu wa saba kwenye orodha ya kundi la mahari.

*

Nyumbani, Nzula alipika chai kama kawaida. Ila alipofika kwa Kilonzo, hakuchukua kile kikombe chake cha bati chenye ukingo uliobanduka rangi, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea. Alifungua kabati akatoa kikombe cha maua na kisahani chake, vile vya mchungaji.

"Karibu chai, mgeni," alisema.

Kilonzo aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya masikio kuwaka moto. Akanywa. Kisahani kilimpa taabu, hakujua akiweke wapi.

"Sielewi," Yvonne alisema. "Nyinyi hamjaoana?"

"Tuliandikisha kwa serikali," Kilonzo alisema. "Na kanisani tulibarikiwa."

"Serikali haili mbuzi," Nzula alisema.

"Nilisema nitapeleka Desemba."

"Ulisema Desemba. Hukusema ya mwaka gani."

Yvonne aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo Jumamosi mbuzi wangu watapokelewa na nani?"

"Na mjomba wako Musili," mama yake akamjibu. "Mtu ambaye hakutoa hawezi kupokea. Musili ataketi pale kwenye kiti kikubwa, na baba yako atakaa nje na wale wa kuonyesha magari mahali pa kuegesha."

"Mbele ya watu wa Bramwel?"

"Wameshasoma, mama. Wanajua hata mwaka."

Kilonzo alijaribu kucheka, kikamtoka kikohozi. Akasema mbuzi watatu si kitu cha kuvunja nyumba iliyosimama miaka ishirini na sita. Lilikuwa kosa. Nzula aliketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiwa na birika mkononi.

"Si mbuzi," alisema. "Majirani walimuuliza mamangu kila Krismasi: yule Nzula wenu aliolewa ama alipotea? Alikuwa anawajibu nimeolewa. Alijua anadanganya, na mamangu hakuwa mtu wa kudanganya. Amekufa akidanganya kwa sababu yako."

Nzula akainuka akaenda kuosha vyombo, na kesho yake jioni, akitoka kwenye cherehani yake ya sare za shule kule Parklands, hakurudi Mutuini. Alishukia Waithaka, kwa kaka yake. Alimtumia Yvonne ujumbe mmoja: mwanamke haposwi akiwa ameshakaa kwa mume.

*

Lakini tusiruke. Jumapili hiyo hiyo jioni Zedekiah alipiga simu mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mzee Kilonzo, hujambo? Nimeona hii maneno. Sisi mbuzi mia na kumi na mbili hatuna."

"Hata mimi sina mahali pa kuwaweka," Kilonzo alisema.

Walicheka, kila mmoja kwa tahadhari. Kisha Zedekiah akashusha sauti. "Zile methali... zilikuwa za mashine. Mimi ni fundi wa viatu. Siku nilipojulishwa kwenu kama msemaji niliogopa, nikasema Wakamba ni watu wa maneno, watanimaliza."

"Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe."

"Basi tumekuwa tukiogopana bure."

Kuwaachisha kazi makarani hakukuwa rahisi. Karani wa Kilonzo alieleza kwamba yuko tayari kuacha, endapo Karani wa pili ataridhia. Karani wa pili aliomba fidia. Wakaanza kujadiliana kuhusu kusimama kwao, na kufikia saa mbili na nusu walikuwa na rasimu ya kurasa tisa. Bramwel, aliyemleta Zedekiah hadi Mutuini, ndiye aliyemaliza mambo. Alisema kila mashine ina mahali pa kuizimia, ila watu hawapatafuti mpaka wakwame ndani. Akawaambia wazee wazime simu zote mbili kwa pamoja, akahesabu moja, mbili, tatu, kisha akaketi nazo usiku ule akimfuta Karani kwa mkono.

Hayo ya mbuzi mia na kumi na wawili yakaisha. Ya mbuzi watatu hayakuisha.

*

Jumatatu, Kilonzo alifika kazini akakuta lango limefungwa na hakuna mtu kibandani, maana mtu wa kibandani alikuwa yeye. Juu ya nguzo palikuwa na jicho jipya jeusi la kamera, dogo kuliko kifuniko cha soda. Aliposogea, sauti ya kike yenye adabu ilisema, "Karibu, mgeni. Tafadhali subiri mwenyeji."

Huyo alikuwa wa pili kumwita mgeni, kwa siku mbili. Kilonzo alisimama mbele ya lango alilolifungua miaka kumi na tisa akasubiri mwenyeji.

Mama Ciru, mwenye nyumba, alikuja na kandambili akicheka. "Pole, Kilonzo. Bado haijakujua. Imewajua wengine wote, hata mbwa."

"Itanijua lini, madam?"

"Inajifunza yenyewe. Jana ilikuwa haijui magari, leo inajua mpaka dereva wa maji. Kesho sijui itajua nini." Aliliangalia lile jicho kidogo, kama mtu aliyealika mgeni asiyejua ataondoka lini.

Kilonzo akaomba ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa, ajiandae kwa Jumamosi. Zamani ruhusa ya siku mbili iliombwa wiki mbili kabla, kwa maelezo marefu na mgonjwa mmoja katika familia. Mama Ciru alisema, "Chukua hata wiki nzima," na akarudi ndani. Ilitoka upesi hivyo, na hapo ndipo ilipomuuma. Mchana kutwa alikuwa akisimama kila gari likija, na kila mara lango lilikuwa limeshafunguka.

*

Jumanne alipitia Barabara ya Kirinyaga, mjini, ambako Musili aliuza vipuri vya magari kwenye duka jembamba lenye taa na vioo vya pembeni hadi kwenye dari. Musili alimwona. Akaendelea kuhudumia mteja, na wa pili, na wa tatu. Halafu akampa Kilonzo taa ya mbele ya gari aishike kwa mikono miwili, akapanda ngazi kutafuta taa ya pili yake. Kilonzo aliishika dakika ishirini.

"Shemeji," alisema mwishowe.

"Usiniite shemeji. Bado," Musili alijibu kutoka juu ya ngazi. "Niite Bwana Musili."

"Bwana Musili, nimekuja kuongea. Nitakutumia pesa ya mbuzi tatu sasa hivi. Nipe namba ya simu tu."

Musili alishuka, akaichukua ile taa, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Kilonzo, wewe simu imekufanyia nini juzi?"

"Imeniaibisha."

"Na bado unataka kuituma." Akaiweka taa kwenye rafu. "Mbuzi iko na miguu. Itakuja kwa miguu yake, na wewe utakuja kwa yako, mkiwa pamoja, barabarani, watu wakiona. Ijumaa. Ukikosa, Jumamosi ile kiti ni yangu."

"Nitakuja."

"Na uko na msemaji? Mtu hajisemei kwenye ntheo yake."

Kilonzo hakuwa na msemaji. Ndugu zake wote walikuwa wameambiwa, mwaka wa tisini na tisa, kwamba mbuzi walishapelekwa, na sasa hakuna aliyepokea simu yake. Hata kaka yake mkubwa, aliyewahi kumkopesha pesa za mbuzi hao hao.

"Nitatafuta," alisema.

"Tafuta," Musili alimwambia. "Karani hana ruhusa."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi, watu wa Mutuini waliona jambo. Walimwona Kilonzo, amevaa koti la harusi za watu, akivuta mbuzi watatu kwa kamba za katani. Alikuwa amewanunua Dagoretti, mlangoni pa kichinjio, na mbuzi hao walitembea kwa furaha ya watu waliosamehewa. Kando yake alitembea mzee mfupi mwenye kofia na vidole vyenye gundi ya viatu. Huyo ni Zedekiah.

"Unajua ukinisemea leo, kesho utakuja kunisemea kinyume," Kilonzo alikuwa amemwambia kwenye simu.

"Kesho ni kesho," Zedekiah alisema. "Na mimi nataka kesho nipokelewe na baba wa msichana, si na mtu wa vipuri."

Njia ya Mutuini hadi Waithaka si ndefu, lakini mbuzi ana maoni yake. Mmoja alitaka kurudi. Mwingine alikula tangazo la nyumba za kupangisha. Vijana wa bodaboda walipiga honi, wakauliza, "Mzee, unauza?"

"Naoa," Kilonzo alisema.

"Saa hii?"

"Nimechelewa kidogo."

Mara ya kwanza kulisema neno hilo, lilimchoma. Mara ya tano lilikuwa karibu tamu. Jua lilipanda, koti likawa zito, na Kilonzo akawa anaona kwa nini watu wa zamani waliamua mbuzi aende kwa miguu. Njiani unapata muda wa kujua unakokwenda, na kila anayekutana nawe anakuwa shahidi. Yeye alikuwa ameikimbia safari ya saa moja na nusu kwa miaka ishirini na sita.

Kwa Musili walikuta viti vimepangwa uani. Yvonne alikuwepo, na Bramwel, amesimama nyuma kabisa kwa adabu. Nzula aliketi katikati ya wanawake amevaa leso mpya, mfuko wake wa kitambaa magotini. Hakumtazama Kilonzo. Kilonzo alimtazama yeye, akashikwa na woga aliokuwa ameusahau, ule wa kijana wa miaka ishirini na minne asiyejua kama atakubaliwa.

Zedekiah akasimama. Akakohoa. Watu wakangoja methali.

"Huyu mtu amechelewa," Zedekiah alisema. "Anajua. Mbuzi ndio hawa." Akafikiri. "Mimi sina lingine." Akaketi.

Musili aliwazunguka mbuzi, akawapapasa migongo, akatazama meno ya mmoja bila sababu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Nzula, kuna watu wameleta mbuzi. Unawajua? Mbuzi tuwale, ama tuwarudishe?"

Nzula alinyoosha leso magotini. Akachukua muda wake wote.

"Mtu mzima haharakishwi," alisema. "Nitawajibu Desemba."

Ilikuwa Agosti. Yvonne aliziba mdomo kwa mkono, na ilikuwa vigumu kujua kama anacheka. Zedekiah alimtazama Kilonzo, na Kilonzo, mwenye kamba tatu mkononi, alitafuta neno katika kichwa chake chote, na pale ndani hapakuwa na Karani wa kumsaidia.

"Sawa," alisema.

Akaketi chini kwenye majani, na koti lake, katikati ya mbuzi watatu. Hakujitetea. Alikaa kama mtu aliyekuja kukaa. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Mbuzi mmoja akalala, akamwekea kichwa gotini. Mtu alianza kusema jambo, Musili akamnyamazisha kwa mkono.

Nzula akainuka. Akafungua mfuko wa kitambaa, akatoa kikombe cha bati chenye ukingo uliobanduka rangi. Alikuwa amekibeba tangu Jumatatu. Akamiminia chai kutoka kwenye chupa ya wanawake, akavuka ua, akamkabidhi Kilonzo mkononi.

"Kunywa," alimwambia. Halafu akamgeukia kaka yake. "Chinjeni. Desemba imefika mapema mwaka huu."

Kilonzo alikunywa kwa pupa hadi chai ikamwagika kwenye koti. Musili akaja akamshikia kikombe.

"Taratibu, shemeji," alisema. "Ni moto."